Moto wa Mabua ya Pamba

Mimba yangu ya kwanza iliharibikia porini, mashariki ya kijiji chetu, kule ambako mashamba ya pamba ya Bunda yanakwisha na nchi ya nyati inaanza. Tulikuwa wanawake kadhaa, tunarudi na kuni. Nyati alikuwa amesimama kichakani karibu na njia, dume zee, peke yake, na wanaojua wanasema huyo anayetembea peke yake ndiye mbaya. Hakutufuata. Alipuliza pua tu. Lakini mimi nilitupa mzigo nikakimbia bila kutazama ninapokanyaga, nikaangukia korongoni, na kabla jua halijazama nilikuwa nimempoteza mtoto.

Baadaye mmoja wa wale wenzangu alisema pale kisimani kwamba ningesimama kimya, nyati angeondoka zake. Kusimama! Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kupanda mti, na alipanda kwa kasi ambayo sijamwona nayo siku yoyote ya kulima. Lakini nilijitwisha ndoo yangu nikaondoka. Nilikuwa sina nguvu ya kugombana na mtu.

Mimi si mtu wa huko kwa kuzaliwa. Nilizaliwa Kamunyonge, Musoma mjini. Baba alikuwa fundi bati. Alitengeneza vibatari, makarai na majiko ya mkaa, na nyumba yetu ilikuwa na kelele ya nyundo kuanzia asubuhi. Mama alipikia mkaa, na chenga zilizobaki chini ya gunia hakuzitupa. Alizikanda na udongo na maji ya kuoshea muhogo, akafinyanga madonge, akayaanika juani. Dunia niliyoijua ndiyo hiyo. Kisha nikaolewa na mkulima wa pamba wa Bunda, mtu mpole, na baba akanipa jiko jipya nije nalo. Mama mkwe alilitazama, akaligeuza chini juu, akauliza linafanya nini. Nikamweleza. Akaliweka nyuma ya mlango, na kuku akaanza kutagia humo.

Miaka hiyo ndiyo tuliambiwa tuhamie kijijini. Watu wa mume wangu walikuwa wanakaa kwa kutawanyika, kila mji na mifugo yake, huyu kilima hiki na yule kilima kile. Tukapangwa kwenye mstari, nyumba ikitazamana na nyumba, ili shule na zahanati na maji yatufikie sote. Shule ilikuja kweli, hilo silikatai, na watoto wengi wa kile kijiji wamesoma. Ila kila nyumba ilihitaji nguzo na fito, na kila mama alihitaji kuni, na msimu mmoja haukwisha miti yote ya karibu ilikuwa imekwisha. Kuni zikawa zinarudi nyuma, nasi tunazifuata, mpaka tukafika kwa nyati.

Niliposhika mimba tena, sikumwambia mtu mpaka ilipojionyesha yenyewe. Nilikuwa naogopa kila kitu. Niliogopa ndoo ya maji, niliogopa utelezi, niliogopa mbwa wa jirani. Usingizi ulikuwa haukai. Zaidi ya yote niliogopa ile njia ya porini, na siku ilipofika ya sisi kwenda, nikamwambia mama mkwe kwamba siendi.

"Kuni haijileti yenyewe," alisema. "Sisi tulikuwaga tunaenda na tumbo hivi, tunarudi na mzigo kichwani na mtoto mkononi."

"Mimi siendi, mama."

"Sasa utapikia nini? Utapikia mdomo?"

Hakuwa mwanamke mbaya. Alizaliwa upande wa Butiama, akaolewa mbali na kwao kama mimi, na alikuwa amezika watoto wake kadhaa bila kuacha kulima hata siku moja. Kwake woga ulikuwa kama njaa. Unakuja, unaondoka, kazi inaendelea. Kwangu haukuwa unaondoka. Alinitazama pale mlangoni, akaona natetemeka kwelikweli, akachukua kamba yake akaenda mwenyewe, na umri ule wake. Nilishinda siku nzima nikiangalia njia. Alirudi jua limeelekea kuzama, amechoka, na kanga yake imechanika begani kwa miiba. Nikajua kwamba jambo hili haliwezi kwenda hivyo. Nikikataa, nitamuua yeye.

Wakati huohuo mashambani kulikuwa na moto kila upande. Pamba ilikuwa imekwisha kuchumwa, na sheria ilikuwa kwamba kila mkulima ang'oe mabua yake yote, ayarundike, ayateketeze kabla ya siku iliyotangazwa, kwa sababu funza anayekula pamba hujificha kwenye mabua na vitumba vilivyobaki akisubiri msimu mwingine. Sheria hiyo ilikuwa na maana, nimelima pamba miaka mingi na nimemwona huyo funza. Lakini fikiria unavyojisikia ukiwa mwanamke asiye na kuni, umesimama mlangoni kwako, unatazama kuni zikiteketea bure mpaka upeo wa macho.

Wengine waliiba. Walificha mabua darini na zizini, wakapikia humohumo ndani. Aliyekamatwa alikuwa na kesi, na wa kukamata alikuwa bwana shamba. Alikuwa kijana kutoka milima ya Upare, mwembamba, ana baiskeli na mwavuli mweusi, na tulimwogopa kwa sababu hakuwa anapiga kelele. Mwenyekiti wa kijiji akikasirika unamsikia tangu mbali, una muda wa kujipanga. Huyu alikuja taratibu, akasalimia vizuri, akauliza habari za watoto, huku macho yake yanapita juu ya paa. Kijiji jirani mzee mmoja alipelekwa Bunda akalala rumande kwa mabua ya shamba dogo tu. Ndivyo tulivyosikia, na katika kijiji kusikia kunatosha.

Basi nikakumbuka madonge ya mama. Sheria inasema mabua yachomwe. Haijasema yachomwe mpaka yawe majivu. Nilichimba shimo pembeni mwa shamba, mume wangu akinisaidia bila kuelewa sana, nikawasha mabua machache chini, moto ulipochangamka nikaongeza mengine, na mengine, mpaka shimo likajaa wekundu. Ndipo nikafunika kwa majani mabichi na udongo. Moshi ulitoka kwenye nyufa kidogo kidogo, kisha ukakata.

Mama mkwe hakupenda hata kidogo. Kwao moto wa nyumba huzimwa msiba ukitokea, na kuufukia ardhini ukiwa hai lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kuliona. "Moto hauzikwagi," alisema, akakaa mbali na lile shimo, mikono kifuani. Maneno yake yaliniingia. Nilikuwa na mtoto tumboni, na sasa nimezika moto. Nilizunguka lile shimo mpaka kiza, nikiweka mkono juu ya udongo kuona kama bado ni wa moto, kana kwamba ningeweza kufanya lolote.

Kesho yake nilifukua. Yalikuwa makaa membamba, meusi, mepesi, ukiyagonga yanalia. Peke yake yasingeivisha hata chai. Nikayaponda juu ya ngozi ya ng'ombe, nikachanganya na udongo wa kichuguu na uji mwepesi nilioupika kwa maganda ya muhogo, nikafinyanga madonge ya kujaa kiganja, nikayaanika. Nilimfukuza kuku kwenye jiko la baba. Nikawasha.

Hakukuwa na moshi. Mama mkwe alikaribia polepole, akainama, akaweka uso wake karibu kabisa na jiko. Macho yake yalikuwa yameharibiwa na moshi wa miaka yote. Yalikuwa mekundu asubuhi hadi jioni, na yalitoka machozi hata akicheka. Alingoja yale machozi. Hayakuja. Akanitazama, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Hii moto ya mjini," alisema, "ina adabu."

Kuanzia hapo alikuwa upande wangu. Ugali uliiva, maharage yaliiva, na hakuna aliyekwenda porini kutoka nyumbani kwetu. Nikaanza kulala.

Bwana shamba alinikuta kwenye shimo la tatu au la nne. Nilikuwa nimepiga magoti nafunika udongo, tumbo limeshakuwa kubwa, nikasikia kengele ya baiskeli nyuma yangu. Nilimwamkia nikiwa bado nimepiga magoti.

"Unafanya nini hapo, mama?"

"Nachoma mabua, bwana shamba."

"Mbona sioni moto?"

"Yanaungua chini. Yanaungua taratibu."

Alishika fimbo akatoboa udongo. Moshi ukampiga usoni, akakohoa, akafuta macho. Nilitegemea neno rumande. Aliuliza makaa napeleka wapi, nikamwonyesha madonge, akalivunja moja kwa vidole akatafuta funza ndani yake, kwa makini kabisa, kama mtu anayechambua mchele. Hakupata. Mwishowe akasema kwamba hajui niko ndani ya sheria au nje, kwamba ataangalia, ila akirudi asikute bua hata moja zima nyumbani kwangu. "Hata moja," alirudia, kwa sauti yake ileile ya upole. Siku nzima tumbo langu lilikuwa gumu, na nilifikiri naanza uchungu kwa hofu.

Nilimwambia mama mkwe yale maneno yote. Akaitikia. Na baada ya hapo, kwa sababu madonge hayashiki moto bila kitu cha kuwashia, na kwa sababu alikuwa mtu ambaye hawezi kutupa kitu kinachoungua vizuri, akafunga tita zima la mabua makavu akalisukuma chini ya kitanda changu. Nilipoligundua nilimsihi alichome. Alisema, "Nani ataangalia chini ya kitanda cha mzazi?"

Nilijifungua siku chache baada ya tarehe ya mwisho ya kuchoma, mvua za kwanza zikiwa zinanusanusa. Mama mkwe mwenyewe alinizalisha. Mtoto wa kike, mdogo, ana nywele nyingi, alilia mara moja kwa nguvu halafu akanyamaza akaanza kutafuta ziwa. Sijawahi kufurahi vile, na sijawahi kuogopa vile. Mtu asiye na kitu hana cha kuibiwa. Mimi sasa nilikuwa nacho.

Kwa watu wa pale, mzazi anakaa ndani na moto mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Mwanamume haingii, hata baba wa mtoto. Upepo ndio adui; upepo ukimwingia mzazi mgongoni unamlemaza, ukimwingia mtoto unamwondoa. Lakini zamani, katika nyumba zao za kule vilimani, moto huo ulikuwa wa kuni, na kuni zina moshi, na hakuna anayeweza kuishi na moshi bila kuacha mlango wazi kidogo na tundu juu ya ukuta. Moshi ulikuwa umewachunga miaka yote ile bila wao kujua. Sasa tulikuwa na moto usio na moshi. Mama mkwe akaona ni baraka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake angeweza kumfungia mzazi upepo wote. Alichukua kinyesi cha ng'ombe na matambara akaziba mapengo yote kati ya ukuta na paa. Chini ya mlango akakunja gunia. Alifanya kwa mapenzi, akiimba.

Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na asubuhi ile kulikuwa na baridi. Alijaza jiko madonge mpaka juu, akaliweka karibu na kitanda, akaniambia nilale, akatoka akavuta mlango. Nikalala na mtoto kifuani. Kichwa kilianza kuniuma, nikadhani ni uzazi. Kikaendelea. Kisha nikasikia raha ya ajabu, uzito mtamu wa usingizi, kama mtu amenifunika blanketi la pili. Nilipojaribu kumsogeza mtoto, mkono wangu haukwenda. Niliutazama mkono. Niliuona pale juu ya kitenge, wangu, na haukutii.

Hapo nikaogopa. Lakini hata woga wenyewe ulikuwa mbali, kama kelele za mtu ng'ambo ya mto.

Ndipo nikasikia kengele ya baiskeli.

Sikuhitaji kuona. Nilisikia mama mkwe akiamkiwa, nikasikia sauti ya upole ikiuliza habari za nyumbani. Akasema amepita nyumba zote za mstari wetu, zimebaki mbili, na wapo watu wamekutwa na mabua ndani. Akauliza kwa nini nyumba hii imefungwa hivi mchana.

"Kuna mzazi."

"Hongera sana, mama. Naomba nitazame mara moja tu."

"Hutazami. Mwanaume haingiagi hapa. Kitovu haijadondoka."

"Mmeziba mpaka darini, mama. Mzazi gani anazibiwa mpaka darini? Mmeficha nini?"

Na mimi ndani, nikiwa siwezi kuinua kidole, nililala juu ya lile tita la mabua nikamwomba Mungu amrudishe yule mtu alikotoka. Nilimwomba kwa moyo wangu wote. Niliwaza mume wangu rumande Bunda, niliwaza mtoto bila baba. Mama mkwe alikuwa anapandisha sauti, amejibandika mlangoni, nami nikamwombea apate nguvu asishindwe. Katika maisha yangu yote namshukuru Mungu kwa mengi aliyonipa, lakini zaidi namshukuru kwa siku ile aliponinyima.

Mlango ulisukumwa. Mwanga ukaingia, na baridi nyuma yake. Mama mkwe alikuwa anapiga mayowe kwamba ameingiliwa, amevunjiwa nyumba, watu waje. Bwana shamba alikuwa tayari anainama kuangalia chini ya kitanda. Ndipo akaniona usoni. Macho yangu yalikuwa wazi. Aliniambia baadaye kwamba alinisalimia, na kwa vile sikuitika akadhani nimemkasirikia. Kisha akamtazama mtoto.

"Mama!" alipiga kelele, yule mtu asiyepiga kelele. "Mama, watu wako wanakufa! Ni hewa ya makaa!"

Alimnyakua mtoto akamkimbiza nje. Akarudi akanikokota kwa makwapa mpaka uani, kwenye matope, mbele za watu waliokuwa wanakuja na fimbo kumpiga. Nilitapika. Anga lilikuwa linazunguka. Nilisikia akieleza huku anahema kwamba kwao milimani, majira ya baridi, watu huingiza mkaa ndani wakafunga mlango, na asubuhi hawaamki. Kwamba huo moto ni mbaya kuliko wenye moshi kwa sababu haukuambii utoke. Mimi nilikuwa natafuta kitu kimoja tu. Mtoto alikuwa mikononi mwa mama mkwe, amelegea, shingo haina mfupa. Mama mkwe alimpulizia usoni, akamnyunyizia maji, akampigapiga nyayo, akimwita kwa lugha ya kwao. Mtoto hakuwa analia. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko mimba zote mbili.

Kisha akalia. Kilio chembamba, cha paka. Wale waliokuja na fimbo wakaziweka chini.

Bwana shamba aliingia tena ndani, akatoka na lile tita. Alikuwa ameliona. Mama mkwe alimtazama, sote tukamtazama. Akaliweka katikati ya mafiga matatu uani, akaliwasha, akaomba sufuria ya maji ili mtoto akandwe. Hakulitaja tena, siku ile wala nyingine. Naye mama mkwe, ambaye hakuwa mtu wa kuacha mila ianguke chini hivihivi, alimdai kuku wa kuusafisha mlango aliouvuka. Bwana shamba alileta jogoo wiki iliyofuata, amemfunga kwenye baiskeli.

Tulimpeleka mtoto zahanati. Muuguzi alimpima, akamwangalia macho, akamshika kichwa kwa muda mrefu. Akasema kichwa cha mtoto kikikosa hewa kinaweza kuumia kwa ndani, na hilo halionekani kwa mtoto mchanga. "Anaweza kuwa mzima kabisa. Anaweza asiwe. Tutamwona anavyokua."

Sijui kama alijua alichonipa. Nilirudi nyumbani na mtoto mgongoni, na hofu ambayo haikuwa na nyati wala bwana shamba wa kuikimbia. Kila asubuhi nilikuwa naanza kumpima. Nilipiga makofi nyuma ya kichwa chake. Niliangusha mfuniko wa sufuria. Alikuwa anatazama dari. Jirani yangu alijifungua baada yangu, na mtoto wake akaanza kucheka na watu, wangu hajacheka. Wa jirani akakaa, wangu anaanguka upande kama gunia lisilojaa. Mama mkwe alisema watoto wa kwao walichelewaga, mume wangu alichelewa, babu yao alichelewa. Nilijua anasema ili nipate kula. Jioni nilikuwa namkuta amemweka mtoto mapajani, anamwonyesha kijiko, anakipeleka kulia, anakipeleka kushoto, akiangalia kama macho yatafuata.

Kazi ya makaa sikuiacha. Watu walidhani nitaiacha, na wapo waliosema moto uliozikwa umefufuka na hasira zake. Lakini pori lilikuwa palepale na nyati palepale. Nilijenga kibanda cha nyasi kisicho na kuta, nikaliweka jiko humo, nikasema kwa kila aliyenisikia na asiyetaka kunisikia kwamba madonge haya hayavuki kizingiti cha nyumba, hata mvua ikinyesha ya gharika. Wanawake wakaja kujifunza mmoja mmoja. Yule aliyepanda mti alikuja pia, nikamfundisha, na nilifurahi sana kumwona amejipaka masizi mpaka masikioni. Mwenyekiti alitangaza mkutanoni kwamba shimo sasa ni mali ya kijiji. Siku ya kufukua hatukumwona. Madonge ya ziada tuliyapeleka Bunda, kwa wauza chai wa upande wa Kabasa, nao wakawa wanayapenda kwa vile hayachafui sufuria. Nguo za watoto na chumvi zilitoka humo. Watu walianza kuniita mwanamke hodari. Nilikuwa naitika huku nimegeuza shingo kumtazama mtoto.

Msimu uliofuata, pamba ilipokwisha kuchumwa na mabua yakawa yanang'olewa tena, alikuwa ameanza kutambaa, kwa kuchelewa, akiburuta goti moja. Hakuwa anaitika akiitwa. Hakuwa anakataa kitu chochote. Ungemvua nguo, ungemnyang'anya chakula, ungempa mtu asiyemjua ambebe, ni sawa tu. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa linaniua. Mtoto wa jirani akiona mgeni anapiga yowe na kujificha. Wangu alikuwa anamwangalia kila mtu kama anavyoangalia ukuta.

Siku hiyo nilikuwa kibandani nakanda, mikono yote imezama kwenye udongo na masizi. Jiko lilikuwa linawaka. Sikumwona akitoka kwenye mkeka. Nilipoinua macho alikuwa amelifikia, amekaa mbele yake, ananyoosha mkono kwenye ule wekundu.

Niliita. Hakugeuka. Nikaruka juu ya karai, nikateleza, nikaanguka kifudifudi kwenye udongo wangu mwenyewe. Nilimwona akigusa ukingo wa jiko kwa ncha za vidole. Akauvuta mkono. Akautazama. Uso wake ukakunjamana polepole, kisha akalia, nami nikamfikia, nikamtumbukiza mkono kwenye maji. Hakuungua sana. Nilikaa naye pale chini nikilia kuliko yeye, kwa sababu mtoto yeyote akichomwa atalia, hata aliyeumia kichwa. Kulia hakukuniambia lolote.

Kesho yake asubuhi niliwasha jiko kama kawaida. Nilimweka mkekani, nikampa kifuu cha kuchezea, nikageuka kuchukua maji. Nilipogeuka tena alikuwa anatambaa kuja kwangu. Jiko lilikuwa kati yetu. Nikaiacha ndoo ianguke.

Aliacha kutambaa, mwenyewe. Alikuwa bado mbali nalo. Alilitazama jiko, akautazama mkono wake, ule wa jana. Midomo ikaanza kutetemeka. Kisha akarudi nyuma, kinyumenyume, upesi, goti lake baya likiburutika, akazunguka kibanda chote kwa nje ili alikwepe, akaja akanishika mguu kwa mikono miwili, akaficha uso kwenye kanga yangu akilia chinichini kwa woga.

Nilimwinua. Moyo wake ulikuwa unadunda kifuani kwangu.

"Mama!" niliita kwa sauti ambayo mstari mzima wa nyumba uliisikia. "Mama, njoo! Njoo uone! Mtoto anaogopa!"